Kupima damu kwa ajili ya ugonjwa wa mishipa ya moyo: kipimo gani, lini, na majibu yasomwe vipi

Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuuona mshipa wa moyo ulioziba. Damu hubeba habari za mambo mawili tu: mabaki ya misuli ya moyo iliyoumia, na vitu vinavyojenga utando wa mafuta ndani ya mishipa au vinavyoashiria kwamba utando huo unaendelea kujengwa. Makosa mengi hutokea pale mtu anapoagiza kipimo cha jambo la kwanza huku akitafuta la pili, kisha akatulizwa na jibu ambalo halikuwa la swali lake.

Mwongozo huu ni wa tabibu, muuguzi na mtaalamu wa maabara, lakini mgonjwa aliyeshika karatasi ya majibu ataufuata pia bila shida.

Amua swali kabla ya kushika sindano

Swali la kwanza ni la dharura: je, misuli ya moyo inaumia sasa hivi? Hapo ni troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, pamoja na ECG, mchoro wa umeme wa moyo. La pili ni la mtu mzima asiye na dalili: ana uwezekano gani wa kupata shambulio la moyo miaka ijayo? Hapo ni mafuta ya damu, Lp(a) ambayo ni chembe ya mafuta ya kurithi, sukari, figo na wakati mwingine CRP, alama ya mwili kuwaka. La tatu ni la mgonjwa anayejulikana: je, dawa zinafanya kazi? Hapo LDL, ile kolesteroli inayoziba mishipa, ndiyo yenye uzito kuliko vingine vyote.

Lipo swali la nne ambalo hupelekwa maabara kimakosa: mshipa upi umebana, na kwa kiasi gani? Hilo hujibiwa kwa picha, ama CT ya mishipa ya moyo yenye dawa ya kung'arisha, ama anjiografia ya kuingiza mpira mwembamba hadi kwenye mishipa yenyewe. Mtu anayebanwa kifua kila apandapo ngazi, akapata nafuu dakika chache baada ya kupumzika, anaweza kuwa na mshipa uliobana vibaya na bado troponini yake ikasoma kawaida. Misuli yake inakosa oksijeni kwa muda mfupi bila kufa, na isipokufa hakuna kinachovuja. Hata maumivu yanayokuja mtu akiwa amepumzika, yakizidi siku hadi siku, yanaweza kuwa na troponini ya kawaida, nayo ni hali ya kulazwa hospitali.

Jambo moja halina mjadala. Mwenye maumivu ya kifua hufanyiwa ECG ndani ya dakika 10 tangu afike. ECG ikionyesha mshipa umeziba kabisa, yaani sehemu ya mchoro iitwayo ST imepanda, matibabu ya kuufungua yanaanza hapo hapo. Damu huchukuliwa, lakini jibu lake halisubiriwi.

Troponini: nambari moja mara nyingi haitoshi

Troponini T na troponini I ni protini za mtambo unaokunja misuli ya moyo. Seli ikiumia, protini hizi huvujia kwenye damu. Kabla yake maabara zilitegemea vimeng'enya vya AST, LDH, kisha CK-MB, ambazo zote hutoka pia kwenye misuli ya mwili au viungo vingine. Mwaka 2000 vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani viliiweka troponini katikati ya tafsiri ya shambulio la moyo, na toleo la nne la tafsiri hiyo, la 2018, linadai mambo matatu yakutane: angalau kipimo kimoja kipite asilimia ya 99, nambari zipande au zishuke kati ya sampuli, na kuwepo ushahidi kwamba moyo unakosa damu, yaani dalili, mabadiliko ya ECG au picha. Likikosekana la pili au la tatu, hilo ni jeraha la misuli ya moyo, ambalo lazima litafutiwe chanzo, lakini halijawa shambulio la moyo.

Asilimia ya 99 ni kiwango ambacho watu 99 kati ya 100 wenye afya wako chini yake. Kila mtengenezaji ana chake. Kwa troponini T ya usikivu wa juu ya Roche ni 14 ng/L. Kwa troponini I ya usikivu wa juu ya Abbott Architect ni 26 ng/L kwa jumla, au 16 kwa wanawake na 34 kwa wanaume. Nambari ya mashine moja haina maana kwenye mashine nyingine, kwa hiyo mgonjwa anayehamishwa na karatasi yenye "troponini 30" bila jina la kipimo amehamishwa na nusu ya jibu. Akifika, aanze mfululizo mpya.

Angalia pia kizio. Karatasi za zamani huandika ng/mL, za sasa ng/L, na tofauti yake ni mara 1,000: 0.014 ng/mL ndiyo 14 ng/L. Anayesoma "0.05" kwa haraka akadhani ni karibu na sifuri amempa ruhusa ya kwenda nyumbani mtu mwenye 50 ng/L.

Utaratibu wa saa 0 na saa 1 wa chama cha Ulaya ndio wa haraka zaidi kwa vipimo vya usikivu wa juu. Kwa troponini T ya Roche unafanyika hivi. Sampuli ya kwanza huchukuliwa mgonjwa anapofika. Ikiwa chini ya 5 ng/L na maumivu yalianza zaidi ya saa 3 zilizopita, shambulio la moyo linaondolewa kwa sampuli hiyo moja. Ikiwa 52 au zaidi, linahesabiwa lipo mpaka ithibitishwe vingine. Wote waliobaki katikati huchukuliwa sampuli ya pili baada ya saa 1 kamili. Sampuli ya kwanza ikiwa chini ya 12 na tofauti ikiwa chini ya 3, linaondolewa. Tofauti ikiwa 5 au zaidi, linahesabiwa lipo. Wasioangukia pande zote mbili hubaki chini ya uangalizi na kupimwa tena saa 3 baada ya sampuli ya kwanza. Kwa troponini I ya Architect nambari zinazolingana ni: chini ya 4 kwa sampuli moja, chini ya 5 na tofauti chini ya 2 kuondoa, 64 au zaidi, au tofauti ya 6 au zaidi, kuthibitisha.

Tuchukue mifano ya troponini T. Aliyesoma 9 kisha 11 ametoka. Aliyesoma 20 kisha 27 ameingia, ingawa 27 inaonekana ndogo. Aliyesoma 41 kisha 40 yupo katikati. Akiwa na figo zilizochoka, huenda hizo ndizo nambari zake za kila siku, lakini hilo litajulikana kwa sampuli ya saa 3 na kwa kulinganisha na majibu yake ya nyuma, wala si kwa kukisia.

Utaratibu huu huharibika kwa njia zilezile kila mara. Aliyefika dakika 40 baada ya maumivu kuanza huondolewa kwa sampuli moja, wakati protini bado haijapata muda wa kuingia kwenye damu. Sampuli ya "saa 1" huchukuliwa baada ya dakika 100, kisha tofauti husomwa kwa mizani ya dakika 60. Au saa ya kuchukua damu haikuandikwa, ikatumika saa ambayo maabara iliipokea. Kituo chenye kipimo cha zamani au kifaa kidogo cha kando ya kitanda kisitumie kabisa nambari hizi. Huko sampuli ya pili husubiri hadi saa 6, kwa sababu kipimo hakioni mabadiliko madogo ya mapema.

Baada ya shambulio, troponini hufika kileleni kati ya saa 12 na 24, kisha hukaa juu kwa siku 7 hadi 14. Mgonjwa akipata maumivu mapya siku ya nne, nambari kubwa peke yake haisemi kitu. Chukua sampuli wakati wa maumivu na nyingine saa 3 hadi 6 baadaye. Ongezeko linalozidi asilimia 20 linaonyesha jeraha jipya.

Kwa upande mwingine, moyo unaweza kuumia bila mshipa kuziba. Donge la damu kwenye mapafu, maambukizi makali yaliyoingia kwenye damu, uvimbe wa misuli ya moyo, mapigo ya kasi ya muda mrefu, moyo kushindwa kufanya kazi, hata mbio ndefu za marathoni, vyote huipandisha. Ndiyo maana kumpima troponini mtu asiye na dalili yoyote inayoelekea kwenye moyo, "ili tuone tu", huzaa kazi nyingi na faida ndogo.

Nambari isiyokubaliana na mgonjwa

Ikiwa mgonjwa ana troponini ya juu isiyopanda wala kushuka kwa siku kadhaa, ECG yake ni safi na picha ya moyo ni nzuri, shuku kipimo chenyewe. Anza na jambo rahisi: nyuzi za damu ambayo haikuganda vizuri zinaweza kuidanganya mashine. Sokota sampuli upya, yaani izungushe kwa kasi kwenye mashine, pima tena. Ikibaki vilevile, pima sampuli hiyohiyo kwenye mashine ya mtengenezaji mwingine. Kisha izimue, yaani iongeze maji maalumu ya maabara kwa hatua, nusu, robo, thumni: troponini ya kweli hushuka kwa uwiano, ile inayotokana na kingamwili zinazovuruga kipimo haishuki hivyo. Wapo pia watu ambao troponini yao imeshikana na kingamwili za mwili na kuzunguka kwa muda mrefu kama kipande kikubwa kisichotoka haraka.

Kinyume chake, nambari ya chini isiyotarajiwa, uliza kuhusu bayotini. Hii ni vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, mara nyingi kwa miligramu 5 hadi 10, wakati mahitaji ya mwili kwa siku ni takriban mikrogramu 30. Vipimo vingi hutumia bayotini kama gundi ndani ya kemikali zake, na ikizidi kwenye damu huweza kuishusha troponini kwa uongo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2017. Watengenezaji wengi wamebadilisha kemikali zao tangu hapo, lakini soma karatasi ya kipimo unachotumia kabla ya kujiamini. Kwa vipimo visivyo vya dharura, mtu asubiri angalau saa 8 tangu dozi kubwa ya mwisho.

Kuchukua damu bila kuiharibu

1. Mkalishe mtu angalau dakika 5. Kutoka kulala hadi kusimama maji huhama kutoka kwenye mishipa, na kolesteroli inaweza kuonekana imepanda kwa takriban asilimia 10 bila chochote kubadilika. Tumia nafasi hiyo kuuliza homa ya karibuni, pombe, bayotini, dawa za mafuta na kuongezewa damu.

2. Funga kamba ya mkono sentimita 7 hadi 10 juu ya unapochoma, na uilegeze damu inapoanza kuingia. Isikae zaidi ya dakika 1. Ikikaa, protini na mafuta hujikusanya, na chembe nyekundu huanza kupasuka.

3. Tumia sindano ya namba 21 ikiwezekana, kwenye mkono usio na dripu. Kuvuta damu kupitia kanula ya dripu ni chanzo kikubwa cha sampuli nyekundu. Chembe zilizopasuka huishusha troponini T na huweza kuipandisha baadhi ya vipimo vya troponini I, kwa hiyo huwezi hata kukisia upande wa kosa.

4. Fuata mpangilio wa chupa: buluu ya sitrati, nyekundu au dhahabu, kijani ya heparini, zambarau ya EDTA, kijivu ya floridi. Usimimine kamwe kutoka chupa moja kwenda nyingine. Tone la EDTA likiingia kwenye chupa ya kemia, potasiamu huonekana juu ya kutisha na kalisiamu chini.

5. Geuza chupa taratibu, mara 8 hadi 10 kwa heparini na EDTA. Usitikise.

6. Andika jina na saa kwenye chupa ukiwa bado mbele ya mgonjwa.

7. Chupa ya damu ya kugandisha isimame dakika 30, kisha isokotwe kwa dakika 10 kwa nguvu ya 1,300 hadi 2,000 g. Kusokota kabla haijaganda ndiko kunakozaa zile nyuzi.

Mfululizo wa troponini ubaki kwenye aina moja ya chupa tangu mwanzo hadi mwisho, ama heparini ama seramu. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache, huenda kwenye EDTA. Sukari ikikaa kwenye chupa ambayo haijasokotwa hupungua asilimia 5 hadi 7 kila saa, kwa kuwa chembe zinaendelea kuila.

Mafuta ya damu

Kwa mtu asiye na dalili hapa ndipo pesa ya kwanza iende. Agiza kolesteroli ya jumla, HDL (ile kolesteroli "nzuri") na trigliseridi. LDL mara nyingi hukokotolewa. Kanuni ya Friedewald kwa mmol/L ni kolesteroli ya jumla, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Kwa mg/dL mgawanyo ni kwa 5. Mtu mwenye jumla 6.2, HDL 1.1 na trigliseridi 1.9 ana LDL ya 6.2 − 1.1 − 0.86, karibu 4.2 mmol/L. Zidisha kwa 38.67 kupata mg/dL, takriban 164. Trigliseridi zenyewe huzidishwa kwa 88.57, si 38.67, kosa linalorudiwa sana.

Kanuni hiyo isitumike trigliseridi zikipita 4.5 mmol/L (400 mg/dL). Hudanganya pia LDL ikiwa ndogo, chini ya 1.8 hivi, ikionyesha ndogo kuliko ilivyo, hasa trigliseridi zikiwa juu. Katika hali hizo agiza LDL ya kupimwa moja kwa moja, au tumia kolesteroli isiyo HDL: jumla toa HDL. Mtu wa mfano wetu ana 5.1. Haihitaji trigliseridi wala kufunga, na inabeba chembe zote zinazoziba mishipa.

Je, lazima mtu afunge kula? Kwa kipimo cha kwanza, hapana. Vyama vya Ulaya vilikubaliana hivyo mwaka 2016. Baada ya mlo wa kawaida LDL hubadilika kidogo sana, trigliseridi ndizo hupanda. Zikifika 5 mmol/L (440 mg/dL) au zaidi, rudia mtu akiwa amefunga saa 8 hadi 12, akinywa maji tu.

Usipime mafuta mtu akiwa na homa, akiwa ametoka kwenye upasuaji, au akiwa mjamzito, kisha ukaanza kutibu nambari hiyo. Ugonjwa mkali hushusha LDL na HDL, ujauzito huzipandisha. Aliyepata shambulio la moyo achukuliwe damu ya mafuta ndani ya saa 24 za mwanzo, kwani baada ya hapo LDL hushuka na kuonekana nzuri kwa wiki kadhaa.

Malengo ya mwongozo wa Ulaya wa 2019 yanafuata hatari ya mtu. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo uliothibitishwa: LDL chini ya 1.4 mmol/L (55 mg/dL) na pia ipungue angalau asilimia 50 kutoka ilipoanzia. Hatari kubwa: chini ya 1.8 (70), pia kwa punguzo la nusu. Ya kati: chini ya 2.6 (100). Ndogo: chini ya 3.0 (116). Kwa hiyo ile safu ya "kiwango cha kawaida" iliyochapishwa kando ya jibu haifai kwa aliyekwisha kuugua. LDL ya 2.8 inaweza kuandikwa "sawa" na karatasi huku kwake ikiwa mara mbili ya lengo. LDL ya 4.9 (190) au zaidi, baada ya kuondoa sababu nyingine, inaelekeza kwenye kolesteroli ya kurithi: uliza kuhusu ndugu waliopata shambulio mapema, na wapimwe wazazi, kaka, dada na watoto.

Sababu za kuondoa kwanza ni tezi ya thairoidi iliyolala, figo zinazovuja protini, na nyongo iliyoziba. TSH, ya kuikagua thairoidi, ni kipimo kimoja tu, lakini kikisahaulika mtu hupewa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kwa miaka wakati alihitaji homoni, na misuli yake huuma zaidi juu yake.

ApoB, protini iliyo kwenye chembe za mafuta, ni nyongeza nzuri pale LDL inapoonekana njema lakini mtu ana kisukari, kitambi au trigliseridi za juu. Kila chembe inayoziba mishipa hubeba ApoB moja tu, kwa hiyo LDL ni kama kupima uzito wa mzigo barabarani na ApoB ni kuhesabu magari: magari mengi yaliyobeba kidogo yanaleta msongamano uleule. Malengo ni chini ya 65 mg/dL kwa hatari kubwa sana, 80 kwa kubwa, 100 kwa ya kati.

Lp(a): mara moja maishani

Lp(a) ni chembe ya LDL yenye protini nyingine iliyoning'inizwa pembeni. Iligunduliwa na Kåre Berg wa Norway mwaka 1963. Kiwango chake kimeandikwa kwenye jeni, hubadilika kidogo sana kwa chakula au mazoezi, na ndiyo sababu kipimo kimoja kwa mtu mzima kinatosha. Kipaumbele kiende kwa aliyepata shambulio akiwa kijana, mwenye historia ya familia, na ambaye LDL yake haishuki kama ilivyotarajiwa kwa statini.

Chini ya 30 mg/dL (75 nmol/L) hakuna la kuhofia. Zaidi ya 50 mg/dL (125 nmol/L) hatari imeongezeka. Zaidi ya 180 mg/dL (430 nmol/L) hatari ya maisha yote inalingana na ya mwenye kolesteroli ya kurithi. Usigeuze mg/dL kuwa nmol/L kwa kuzidisha: ukubwa wa protini hiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hakuna kizidisho kimoja kinachowafaa wote. Omba nmol/L kama maabara ina uwezo. Kiwango kikiwa juu, yashughulikie kwa ukali zaidi yale yanayotibika, yaani LDL, presha, sigara na sukari.

CRP ya usikivu wa juu

Ini hutengeneza CRP pale mwili unapowaka mahali fulani, na mishipa yenye utando wa mafuta ni mojawapo ya mahali hapo. Agiza kwa jina kamili, "ya usikivu wa juu", la sivyo utapewa kile cha kutafuta maambukizi, ambacho hakitofautishi vizuri nambari ndogo. Chini ya 1 mg/L hatari ni ndogo, 1 hadi 3 ya kati, zaidi ya 3 kubwa. Ikizidi 10, itupe: tafuta jino bovu, kifua, mkojo, kidonda, kisha rudia baada ya wiki 2 au zaidi. CRP hupanda na kushuka sana ndani ya mtu yuleyule, hivyo pima mara mbili na uchukue wastani.

Kazi yake halisi ni ndogo: kumsukuma mtu wa hatari ya kati upande mmoja. Jaribio la JUPITER la 2008 liliwapa rosuvastatini, aina ya statini, watu wenye LDL isiyo kubwa lakini CRP ya 2 au zaidi, na mashambulio yakapungua. Mwenye ugonjwa uliothibitishwa anahitaji statini hata CRP yake ikiwa 0.4.

Vinavyobaki, na vya kuacha

Sukari ya kufunga ya 7.0 mmol/L (126 mg/dL) au zaidi, au HbA1c ya asilimia 6.5 au zaidi, ni kisukari. Kwa asiye na dalili jibu lithibitishwe kwa kipimo cha pili. HbA1c haiaminiki kwa mwenye seli mundu, aliyeongezewa damu karibuni au mwenye ugonjwa unaoharibu chembe nyekundu, maana chembe haziishi muda wa kutosha kukusanya sukari. Kwake tumia sukari ya kufunga. Kreatinini ipimwe kila mara, kwa ajili ya hatari na kwa sababu dawa ya kung'arisha CT hupita kwenye figo. Picha nzima ya damu ifanywe kwa kila mwenye maumivu ya kifua: upungufu wa damu peke yake unaweza kuufanya mshipa uliobana kidogo uanze kulalamika.

NT-proBNP si kipimo cha mishipa. Huuliza kama moyo umelemewa. Kwa mgonjwa wa nje, chini ya 125 pg/mL kushindwa kwa moyo hakuelekei. Umri na figo huipandisha, unene huishusha. Anayetumia sakubitrili, dawa ya moyo ulioshindwa, apimwe NT-proBNP, si ndugu yake BNP, kwa kuwa dawa hiyo huzuia BNP isivunjwe na kuipandisha bure.

Homosisteini iache. Asidi ya foliki huishusha, na majaribio makubwa hayakuonyesha mashambulio ya moyo yakipungua. Lp-PLA2, kimeng'enya kinachohusishwa na utando wa mafuta, nayo ilikuwa na matumaini, mpaka majaribio mawili ya 2014 ya darapladibu, dawa ya kukizuia, yalipokosa faida. CK-MB na mioglobini havina kazi palipo na troponini ya usikivu wa juu, na paketi za "alama 15 za moyo" huuza hasa wingi wa mistari kwenye karatasi.

Kufuatilia dawa

Rudia mafuta wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza au kubadili dozi, kisha angalau kila mwaka. Kabla ya kuanza pima ALT, kimeng'enya cha ini. Ikipita mara 3 ya kikomo cha juu, simamisha na utafute sababu. CK, kimeng'enya cha misuli, ipimwe misuli ikiuma, si kama desturi, na mgonjwa asiwe ametoka kwenye mazoezi mazito. Ikipita mara 10, acha dawa na uangalie figo.

Atorvastatini ya miligramu 40 hadi 80, au rosuvastatini ya 20 hadi 40, inapaswa kuishusha LDL takriban nusu. Isiposhuka, uliza kwanza kama vidonge vinamezwa. Kuongeza dozi maradufu huleta asilimia 6 tu zaidi, hivyo badala ya kupanda ngazi hiyo ongeza dawa ya pili. Mtu wetu wa LDL 4.2, akigundulika na ugonjwa wa mishipa, kwa statini ya nguvu atafika karibu 2.1. Ezetimibu, kidonge kinachozuia kolesteroli kufyonzwa kwenye utumbo, huondoa kama asilimia 20 ya iliyobaki, afike 1.7. Bado yuko juu ya 1.4, na hapo ndipo sindano za kuzuia PCSK9, protini inayolizuia ini kuiondoa LDL, zinapozungumzwa. Hesabu hii yote inaanzia kwenye ile 4.2, kwa hiyo iandikwe kwenye ukurasa wa mbele wa faili kabla ya kidonge cha kwanza. Baada ya hapo hakuna kipimo kitakachoirudisha bila kumwachisha dawa.